Mlango wa Mbele, Mlango wa Nyuma

"Nusu yangu naifunga, dada, nusu yangu, ya kwako sijaigusa..."

"Na watu wapite wapi, juu ya paa kama paka?"

"...wapite barabarani kama binadamu wengine, barabara si ipo..."

"Barabara unaijua wewe? Lini umekimbilia treni, wewe unayeamka jua limeshakuchoma kisogo?"

"...wageni wangu hawalali, dada, wageni hawalali!"

Walikuwa wanasema pamoja, hakuna aliyemngoja mwenzake ameze mate. Dada mtu, fundi cherehani, alikuwa amekaa nyuma ya mashine yake katikati ya ushoroba, sindano tatu zimechomekwa kwenye kola: moja ya uzi mweusi, moja ya mweupe, moja ya bluu. Mdogo wake alikuwa amesimama mbele yake na ufunguo mkubwa mkononi, anaupigapiga kwenye paja. Alikuwa dalali wa nyumba, vyumba vya nusu yake mwenyewe akiwapangisha watalii, na mji mzima ulimwita hivyohivyo, Dalali, mpaka mkewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu kama behewa. Mlango wa mbele ulitazama kichochoro cha mji wa kale. Wa nyuma ulitokea moja kwa moja kwenye jukwaa la stesheni, kwa sababu waliojenga reli hawakuuliza nyumba ya nani iko wapi, walikata ua wakapita zao. Baba yao aliwagawia angali hai: mbele kwa binti, nyuma kwa mwana, ushoroba wa wote wawili. Mzee wa watu alidhani amewaunganisha.

Mji ule ulikuwa na ngome, ulikuwa na mizinga iliyolala midomo wazi, na vibao vya shaba kwenye kila ukuta. Kazi ndiyo haukuwa nayo. Kazi zilikuwa mji mkubwa, mwisho wa reli. Basi kila alfajiri mji mzima ulihama, na jioni ukarudi umechoka. Asiyetaka kupita kwa fundi ilimbidi auzunguke ukuta wote wa ngome, na akifika stesheni anakuta mkia wa treni unamuaga. Kwa hiyo watu walipita ndani ya nyumba ya watu, tangu enzi za baba zao, wakipiga hodi bila kungoja karibu, maana ukingoja karibu utafika kazini kesho. Ndiyo sababu fundi aliitwa Mama Hodi.

Wengine walisimama kidogo tu. Kifungo kimedondoka, pindo limefumuka. Mama Hodi alishona nguo ikiwa mwilini, mwenye nguo ametanguliza mguu mmoja kama anayesubiri kipyenga, kisha akaukata uzi kwa meno na kumsukuma mgongoni: nenda. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo iliyokuwa asubuhi yake. Ushoroba ukifungwa atabaki na cherehani na ukuta, wakitazamana.

"Bwana Urithi mwenyewe amekubali," Dalali akasema. "Mwambie, bwana."

Bwana Urithi alikuwa mtu wa ofisi inayotunza majumba ya kale. Alikuja kila siku kutoka mji mkubwa, kinyume na wenzake wote: treni ilishusha mtu mmoja na kupakia mji mzima, na huyo mmoja ni yeye. Alichuchumaa akapapasa vigae vya sakafu kwa kiganja, kwa huruma, kama anayemgusa mtoto mwenye homa.

"Mama, tazama hapa kizingitini. Pameliwa, pamekuwa kama kijiko. Miguu inaila historia."

"Na hiyo historia aliileta nani, baba? Ilikuja kwa posta? Ni miguu hiyohiyo."

"Naelewa, mama, lakini..."

"Ukitaka vigae visivyokanyagwa, dukani vipo, vimepangwa kwenye maboksi. Nenda kavitunze."

Bwana Urithi akajifuta kiganja kwenye suruali. Suruali, Mama Hodi aliona, ilikuwa imeachia mshono nyuma, lakini hakumwambia. Vita ni vita.

"Hodi," ikasikika mbele, na nyingine nyuma yake, na nyingine. Mji ulikuwa umeanza kupita. Akaingia mwalimu wa hesabu na begi lake la madaftari, akaingia mlinzi wa benki mwenye kifua kama kabati, wakaja wauguzi na makarani na wapishi wa hotelini, begani kwa bega. Ngazi za upande wa Dalali akazishuka wifi yake Mama Hodi, mke wa Dalali, karani wa benki, ndala miguuni na viatu vya kisigino mkononi, macho bado yana usingizi. "Wifi," akasema, maana ya asubuhi njema, na salamu hiyo ndiyo yote waliyowahi kupeana siku za kazi.

Dalali alipoona kundi limefika, akaona asipotenda leo hatatenda tena. Akawatangulia, akatokea jukwaani, akauvuta mlango nyuma yake. Ufunguo ukazunguka kwa nje. Kraa.

"Ameufunga kweli," mlinzi wa benki akasema.

Mama Hodi alisukuma kiti nyuma. Aliinuka, akapenya katikati ya watu mpaka mlango wa mbele, akaufunga kwa ndani. Kitasa kilikuwa kimeliwa na chumvi ya bahari, ikabidi auzungushe ufunguo kwa mikono miwili. Kisha akaudumbukiza kifuani, mahali ambapo hakuna mwanamume angethubutu kuufuata.

"Dalali," akaita, sauti ikapita juu ya vichwa vyote. "Wewe umefunga chako, mimi nimefunga changu. Tuone hao wageni wako utawapitishia wapi kuingia mjini. Wabebe mgongoni uzunguke nao ngome."

Alijisikia vizuri sana, kwa muda wa kuvuta pumzi moja hivi. Halafu akageuka, akaona macho. Ushoroba mzima ulikuwa unamtazama. Katika kumkomoa mdogo wake alikuwa amesahau kuangalia nani yuko ndani na nani yuko nje.

"Mama Hodi," mwalimu akasema taratibu, kama anayemwelekeza mwanafunzi mzito. "Sisi tumo humu."

"Naona."

"Na treni iko kule."

"Najua treni iko wapi, mwalimu. Nimeisikia kabla hujazaliwa."

"Basi tufungulie huku mbele, tukimbie tuzunguke."

"Mkizunguka leo, mtazunguka kesho, na kesho kutwa. Mtazunguka mpaka mstaafu. Sifungui mpaka yeye afungue."

"Mimi nikichelewa tena wananiachisha," akasema mpishi mmoja, na hakuwa anatania. Mwingine akasema huyu mama amezidi. Mwingine akasema amezidi nini, aliyezidi ni yule wa nje. Mama Hodi alirudi kwenye kiti chake, akakaa wima, mikono juu ya cherehani. Hawa ndio watu aliowashonea pindo, na sasa wengine walimtazama kama mwizi wa kuku. Lakini akaupandisha kidevu. Akiwafungulia sasa, wote watatoka mbio, na ushoroba utakuwa umefungwa siku hiyo na milele.

Nje treni ilipiga honi. Watu wakatega masikio. Walisikia milango yake ikijifunga, wakasikia magurudumu yakianza pole, kisha kwa kasi, kisha kimya. Kwa mara ya kwanza tangu reli ijengwe, treni ya alfajiri iliondoka bila mji wake.

Hakuna aliyejua la kufanya na mwili wake. Mlinzi wa benki akakaa chini kwenye vigae, maana miguu ilikuwa imezoea kukimbia na sasa imekosa kazi. Wengine wakafuata. Wifi akakaa kwenye ngazi, akaegemeza kichwa ukutani. Mwalimu akamtazama muuguzi aliyekaa mkabala naye.

"Samahani, nawe unapita hapa kila siku?"

"Miaka yote. Nakujua kisogo chako. Una kovu nyuma ya sikio."

Mtu akacheka, na kicheko kikatambaa ushoroba mzima. Simu zilianza kulia, za mabosi, moja baada ya nyingine, mifukoni na kwenye mikoba. Wengine walizipokea wakaomba radhi. Wengine walizitazama zikilia mpaka zikachoka.

Bwana Urithi peke yake alikuwa bado amesimama. Akagonga mlango wa nyuma.

"Dalali. Fungua huu mlango."

"Si wewe uliyesema ufungwe?" ikajibu sauti ya nje.

"Nilisema ufungwe. Sikusema ufungwe mimi nikiwa ndani."

"Sasa nikiufungua leo, kesho nitaufungaje? Watanicheka."

"Wanakucheka sasa hivi, nawasikia. Fungua, nina kikao."

"Sema vizuri, baba," Mama Hodi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Sema hawa watu wote wasikie. Huu mlango ufanywe nini?"

Bwana Urithi alivitazama vigae vyake, ambavyo havikuonekana tena kwa jinsi vilivyokaliwa. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Ufunguliwe," akasema.

"Leo tu?"

Bwana Urithi akatazama saa. Mlinzi wa benki akasafisha koo.

"Ufunguliwe uwe wazi. Nitaandika kwamba sakafu hii inatumika. Inayotumika ina masharti mengine, haifungwi."

Kraa. Mwanga wa jukwaa ukaingia, na Dalali nyuma yake, shingo imemwingia mabegani. Mama Hodi alinyoosha kiganja. Hakuomba, alinyoosha tu, na mdogo wake akauweka ufunguo pale, macho yake yakitafuta mahali pengine pa kutua.

"Na wageni wangu?"

"Wageni wako wapige hodi wapite, kama watu. Usiku wakalale mapema."

Akaenda mbele akafungua na mlango wake pia. Upepo wa bahari ukaingia upande mmoja ukatokea upande wa pili. Kwa mbali treni nyingine ilisikika inakuja, na ushoroba mzima ukaamka kwa mkupuo: mikoba ikaokotwa, kanga zikakung'utwa, mguu mmoja mbele.

Wifi hakuinuka. Alikuwa amezivua ndala, nyayo zake zimetulia juu ya kigae cha baridi, na viatu vya kisigino vimelala ubavu ngazini. Simu yake ilikuwa inalia mapajani, jina la bosi linawaka na kuzimika. Dalali alimwambia, "Mama, treni hiyo." Wifi akafumba macho. Mama Hodi akamsogelea, akadhani anaumwa.

"Wifi, vipi?"

"Wifi," yule mwanamke akasema, bila kufumbua macho. "Funguo zote unazo wewe sasa?"

"Ninazo."

"Basi naomba ufunge tena."