Mlolongo wa Matiliku

Mwaka wa 1988 kura zilipigwa kwa mlolongo. Ulisimama juani nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wako, majirani wote wakikuona. Pale Matiliku, mlolongo wa mwalimu mstaafu ulipita maduka ukashuka hadi kwenye mto mkavu. Wa mpinzani wake, mtu wa wakubwa, haukufika hata kwenye ukuta wa kanisa. Aliyetangazwa mshindi ni huyo wa mlolongo mfupi.

Watu walianza kujiondokea kimya. Ndeti, fundi aliyetengeneza mabenchi ya kanisa lile, hakuondoka.

"Bwana, sote tuna macho," alimwambia msimamizi. "Hesabu tena. Bado tumesimama."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ni haki yangu."

Jumatatu askari walimchukua akiwa anapiga randa ubao. Mkewe, Nthenya, akawa anapeleka uji kituoni kila siku, na kila siku anaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Siku moja aliona viatu vya mumewe miguuni mwa askari wa zamu. Alihofia akisema, Ndeti ataongezewa kipigo. Alirudi nyumbani na uji wake, na njiani wanawake waliozoea kumsalimia waliinamia mboga zao.

Msimu wa kuchuma kunde, Mwanahamisi, mama aliyeuza chai Kambu kando ya barabara ya Mombasa, alikuta mtu ametupwa nyuma ya kibanda chake. Alimnywesha maji, akamuuliza kwao, akamwombea nafasi kwenye lori la mahindi.

Hivyo ndivyo Ndeti alivyorudi. Vidole vyake havikuweza kushika hata kijiko. Nthenya alimlisha kama mtoto.

"Walitaka nini kwako, Baba Mbula?"

"Jina. Nani alinifundisha hilo neno haki. Niliwaambia nilizaliwa nayo. Wakaona nawachezea."

"Si ungewapa jina lolote tu, wakuache?"

Alitafuna polepole. "Majina niliyokuwa nayo ni ya watu ninaowapenda."

Alikohoa damu wiki kadhaa. Mbaazi zilipokauka shambani, akafa.

Siku ya mazishi naibu chifu alimvuta Pasta Mwangangi kando. Pasta aliporudi kaburini hakumtazama mjane. "Ndugu yetu aliugua kifua," alisema, "na Bwana amempumzisha."

Nthenya alisimama.

"Hakuugua," alisema. "Mume wangu alipigwa. Alidai kura yake ihesabiwe, wakampiga mpaka akafa."

Baadhi ya watu walichukua kofia zao wakaondoka wakipitia katikati ya mbaazi, hata wale waliokuwa wamebeba jeneza. Naibu chifu alikunja mikono, akaangalia nani anabaki.

Kalunde, mama yake Ndeti, alikuwa ameshikiliwa na binamu zake. Akajitoa mikononi mwao.

"Sema tena, mwanangu," alimwambia Nthenya. "Wa nyuma hawakusikia."

Nthenya alijaribu. Sauti ilimkatika. Akajaribu tena, midomo ikacheza tu.

Basi Kalunde akayasema mwenyewe, yote, polepole, kwa Kikamba, huku akimtazama naibu chifu usoni. Alipomaliza, akaketi kwenye udongo mwekundu uliokuwa ukingoja kumfunika mwanawe, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.