Kisanduku cha Mkuu

Bwana Kuramochi, mkuu wa idara ya mito katika mkoa wetu, alikuwa na kipaji kimoja kisichofundishwa chuoni: alijua wakati wa kusafiri. Faili zito lilipoikaribia meza yake, yeye alikuwa na semina mahali penye chemchemi za maji moto. Kanuni zilimlinda. Ununuzi mkubwa ulihitaji muhuri wake; akiwa hayupo na jambo likiwa la haraka, naibu alipiga muhuri kwa niaba, kisha akaandika kwenye kisanduku cha mkuu, ile nafasi ya muhuri wake katika fomu, kwa penseli nyekundu, "Atatazama baadaye." Kanuni hazikutaja baadaye ni lini.

Naibu huyo alikuwa Tsukuda, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, aliyebakiza ngazi moja. Orodha ya vyeo hutoka Machi, na jina la mkuu ajaye hupendekezwa na mkuu aliyepo. Tsukuda hakuwa na tamaa nyingine maishani, jambo lililomfanya awe mtumishi mwepesi sana kuelekezwa.

Mwezi Juni likaja faili la pampu kumi na mbili za kuondoa maji ya mafuriko katika mji ulio chini ya tuta. Mhandisi Minegishi alikuwa ameambatisha karatasi yake: pampu hizo hazijawahi kujaribiwa kwa maji yenye tope. Kuramochi aliisoma akiwa amesimama, koti mkononi. Tsukuda akamwomba wasubiri hadi Ijumaa wapate kulijadili.

"Naibu, kwani bado unashikwa mkono kuvuka barabara?" akauliza Kuramochi. "Tufani haingoji kikao. Na ukishaketi hapa kwangu, utamtafuta nani akupigie muhuri?"

Akaenda zake. Tsukuda akapiga muhuri kama watumishi wa chini wa ofisi zetu walivyorithishana: umeinama kidogo kushoto, kuelekea kisanduku cha mkubwa, mfano wa mtu anayeinamisha kichwa kwa heshima. Kisanduku kilikuwa kitupu. Muhuri uliinama vilevile.

Kuramochi alirudi na boksi la keki za maharage mekundu, akagawa moja kwa kila meza na mbili kwa Tsukuda. Faili lilikaa mezani kwake siku kumi na tisa chini ya boksi hilo, kisha likarudi kwa naibu bila muhuri wa mkuu. Tsukuda hakuuliza. Kumuuliza mkubwa kwa nini hajapiga muhuri ni kumwambia kwamba unamshuku, na Machi haikuwa mbali.

Septemba tufani ilipiga. Pampu zilimeza tope kwa muda usiofika saa moja, zikanyamaza. Katika nyumba ya kutunzia wazee, ghorofa ya chini, walikufa wanne.

Mbele ya kamati ya uchunguzi, Kuramochi alieleza kwa utulivu kwamba mamlaka yalikuwa yamekaimishwa, na kwamba aliyekaimishwa hakumletea faili alitazame. Tsukuda akasema lilikaa mezani kwa mkuu siku kumi na tisa, akaomba aulizwe Minegishi, ambaye meza yake ilitazamana na ile ya mkuu. Asubuhi hiyo Kuramochi alikuwa amemuuliza Minegishi, kwa upole, kama amewahi kufikiria unaibu.

"Mimi nilikuwa na kazi zangu," akasema Minegishi, akitazama kucha zake. "Keki nilizila. Faili sikuliona."

Mwenyekiti akaigeuza fomu ya ununuzi kwenye mwanga.

"Bwana Tsukuda, muhuri wako umeinama."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ulikuwa unamwinamia nani? Hapa hapakuwa na mtu."

Orodha ya Machi ilimpeleka Tsukuda kwenye hifadhi ya nyaraka, chini ya jengo. Minegishi akawa naibu. Kuramochi alibaki kitini mwaka mmoja zaidi ili, kwa maneno yake, arudishe nidhamu ya ununuzi.

Juni iliyofuata liliteremshwa faili la mota za milango ya kuzuia mafuriko. Tsukuda akalifungua. Ndani mlikuwa na karatasi ya mhandisi mpya, yenye onyo. Muhuri wa Minegishi ulikuwa umeinama kushoto. Katika kisanduku cha mkuu mlikuwa na maandishi ya penseli nyekundu tu.

Mota zilikuwa bado hazijafungwa milangoni. Tsukuda akainua simu.

"Naibu hapa," ikajibu sauti ya Minegishi.

"Ni mimi, Tsukuda wa huku chini."

"Ehe, Mzee Tsukuda. Kuna tatizo?"

Akaitazama ile karatasi ya onyo, akaisoma tena hadi mwisho.

"Hakuna. Nauliza tu, faili hili la mota linatunzwa miaka mitano au kumi?"

"Kumi, mzee. Ununuzi mkubwa wote ni kumi. Umeshasahau?"

"Sijasahau," akasema Tsukuda, akakata simu. Akaandika kumi kwenye mgongo wa faili, akalisimamisha rafuni, ubavuni mwa lile la pampu.