Gurudumu la Mama Flora

"Ndugu wananchi wa Newala na vitongoji vyake," Mabel alitangaza, amesimama juu ya debe la oili, "leo sayansi itatoa hukumu ya milele baina ya njia mbili za kusawazisha gurudumu la pikipiki."

Wananchi walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa shangazi yake, aliyemwambia ashuke asije akachafua sketi ya shule.

Shangazi, Mama Flora, alikuwa muuguzi. Kesho yake angeteremka mlima kwenda Ndanda, na usukani wa pikipiki yake ulitetemeka kila akikaza mwendo. Kwa miaka kumi na minane fundi wake alikuwa Mzee Abdulrazaki. Sasa kibanda cha jirani kilikuwa na Godwin, kijana wa dawa ya pancha, aliyeapa kwamba dawa hiyo ukiimimina ndani ya tairi hujitafutia yenyewe upande mwepesi.

"Mzee akishindwa leo," shangazi alikuwa amesema nyumbani, "nahamia kwa Godwin."

Mzee alipitisha ekseli kwenye gurudumu, akaliegemeza juu ya stuli mbili, akalisukuma kwa kidole. Upande mzito ukashuka. Akazungushia waya laini wa risasi kwenye spoki ya juu, akasukuma tena, akaongeza kidogo, mpaka gurudumu likawa linatulia popote linapoachwa.

"Tukanywe chai," alisema. "Tukirudi, Godwin naye amimine uji wake."

Kwa Mabel, mambo yalikuwa yametulia mno. Mashindano gani haya yasiyo na kasheshe? Akabaki nyuma, akaufungua ule waya, akauhamishia upande wa pili.

Waliporudi, Mzee aligusa gurudumu. Likajipindua, likabembea, likasimama risasi ikiwa chini kabisa.

Mzee akamtazama Godwin. Godwin akatazama paa.

"Wewe ulitoka katikati ya chai."

"Nilipigiwa simu, mzee wangu. Kwani macho yako umeyapima lini?"

Mama Flora aliwakagua wote wawili kama watu waliofika zahanati na ugonjwa wa kusingizia. Akazitikisa stuli. Akainusa hata chupa ya dawa.

"Mashaka ni mengi," Mabel alisema, akikuna kidevu. "Naona iundwe kamati."

Mzee aliinama kwenye spoki, akakawia. "Waya huu umezungushwa kwa mkono wa kulia. Mimi ni wa shoto."

"Godwin," Mama Flora alisema taratibu, "kumbe ndiyo kazi yako?"

Godwin akaanza kukusanya chupa zake. Mabel akaacha kukuna kidevu. Habari hii ingefika hadi kijiji cha Mnyambe kabla ya jioni, na nani tena angempa kijana huyu tairi lake?

"Ngoja," Mzee alisema. "Risasi huacha rangi. Kunjueni viganja."

Vya Godwin vilikuwa vyeupe kwa dawa ya pancha. Mabel alificha vyake nyuma ya sketi.

"Hakimu haonyeshi mikono," alisema.

"Mabel," shangazi aliita.

Akaitoa. Ncha za vidole zilikuwa za kijivu.

"Ni mimi, babu," alisema, sauti ya hotuba imemwisha. "Niliuhamisha mlipokwenda kunywa chai. Nilitaka mbishane nicheke. Kazi yako haina kasoro, babu, na kaka Godwin hajagusa kitu."