Maneno ya Maryanne Mazikoni

Mzee Opondo alizikwa Ahero siku ya Jumamosi, na kifungua mimba wake, Lorine, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Kurasa mbili nzima, mbele ya mahema matatu yaliyojaa watu. Hakukwama hata mara moja.

Uzito wa jambo hilo aliujua rafiki yake Maryanne peke yake. Walikuwa wameshona pamoja miaka tisa kwenye baraza moja Kaloleni, na ni yeye tu aliyeambiwa kwamba Lorine hakukanyaga darasa utotoni, na kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akienda ngumbaru kila alasiri huku akidai anapelekea wateja nguo. Hata binti yake Sheryl, aliye kidato cha pili, hakujua.

Marafiki walipoitwa waseme neno, Maryanne akashika kipaza sauti. Alimpa mjane pole, kisha akamgeukia Lorine akitabasamu.

"Mpigieni makofi huyu dada yangu. Miaka mitatu iliyopita hakuweza kusoma hata jina lake. Mzee alimweka shambani kufukuza ndege kwenye mpunga, akapeleka wavulana shule. Lakini ona leo Mungu amemtoa wapi."

Wengine walicheka, wengine wakapiga makofi. Kaka zake Lorine wakainamisha vichwa. Mama yake akajifunika uso kwa leso, na jeneza lilikuwa bado pale pale mbele yao. Sheryl alimtazama mama yake, akikumbuka daftari zote alizowahi kumpelekea azikague.

Lorine alikunja kurasa zake, akaenda kuketi kando ya mama yake. Siku ya kumzika baba si siku ya kugombana.

Jumatatu, Maryanne alimmiminia chai kama kawaida, akamuuliza mbona amenuna. Lorine akamwambia. Mwenzake akashangaa: kwani kusoma ukubwani ni aibu? Labda ni msiba tu unaomsumbua. Yeye alikuwa anamsifu.

"Baba yangu alikuwa amelala pale, hawezi kujibu," Lorine alisema. "Nilikuwa nimeshamsamehe. Wewe ukamshtaki mbele ya kijiji kizima, halafu unaniambia ni sifa?"

"Lakini si ni ukweli?"

"Ni ukweli wangu. Nilikupa uniwekee, sikukupa ugawe."

Siku hiyo hiyo alihamisha cherehani yake hadi kwa Zuleha, fundi wa ng'ambo ya barabara. Wateja walipouliza sababu, aliwaambia wamuulize Maryanne, yeye ndiye anayependa kuhutubia.

Nyumbani ndiko kulikouma zaidi. Sheryl alikuwa haleti tena daftari. Alipoulizwa, alisema hakukasirika kwamba mama hakujua kusoma. Alikasirika kulisikia jambo hilo pamoja na watu baki. Lorine alijua mtoto ana haki.

Wiki ya tatu Maryanne akaja kwa Zuleha. Alisema amefikiri sana, na Jumapili atakwenda Ahero, asimame kanisani, aombe msamaha mbele ya wote.

Lorine aliweka mkasi chini. "Unaanza tena. Usisimame popote. Mimi niko hapa, niambie mimi."

Bila umati wa kumsikiliza, Maryanne alihangaika na maneno. Mwishowe akakiri amekosa. Ndiye aliyemsukuma Lorine aende darasani, na siku ile alitaka watu wajue kwamba naye ana mkono wake katika jambo hilo.

Lorine aliipokea pole hiyo, akamsogezea kiti. Lakini Maryanne alipouliza cherehani itarudi lini, alijibiwa kwamba hairudi.