Adabu Iliyotaka Kumponza Fabu

Mawingu yalikuwa yametanda juu ya nchi ya Manden, na Nyeleni Traore alijua kwamba mbegu zisipoingia ardhini sasa, watoto walionusurika na ukame wa nchi ya Wagadu wangekuja kufa njaa hapa hapa, kando ya mto Joliba. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa Kone. Msemaji wa msafara wao wa wakimbizi alikuwa kaka yake, Fabu, na Fabu, masikini, alikuwa anaharibu.

Alipiga magoti mbele ya mkuu wa kijiji, Zanke Kone, akamwita simba, akamwita baba wa watu. Kadiri alivyomsifu, ndivyo uso wa Zanke ulivyozidi kukunjamana.

"Unasema wewe ni Traore?"

"Ndiyo, baba mtukufu."

"Mwongo! Traore gani anampigia Kone magoti? Wapelelezi hawa. Wafukuzeni!"

Wawindaji wakavuta pinde. Hapo ndipo Nyeleni alipokumbuka maneno ya bibi yake: Traore na Kone ni watani, mtani hamwagi damu ya mtani, wala hamnyimi kitu. Huko Wagadu, kaskazini, katikati ya wageni, vijana walikuwa wameusahau utani wao. Kama bibi alikosea, mshale wa kwanza ungekuwa wake. Akajitokeza.

"We Kone mla kunde! Nani kakuruhusu ukae kitini na bwana wako nimesimama?"

Zanke akainuka polepole.

"Nani anabweka? Ala! Kumbe kijakazi wangu aliyetoroka! Umerudi kuosha vyungu?"

"Nimerudi kuchukua shamba langu. Nilikuachia ulilinde, wewe ukaota kitambi!"

Zanke akacheka mpaka akashika mbavu. Pinde zikashuka. Wanawake wa Kone wakamiminika na maji, majembe na matusi.

"Chukua kutoka kichuguu kile mpaka mtoni, mwizi wa kuku wee! Ukishindwa kulima nitakuuza!" Zanke akamwambia.

Fabu, machozi yakimlengalenga, akainama tena. "Asante sana, baba..."

Nyeleni akamziba mdomo. "Mtukane, Fabu! Mtukane kabla hajabadili nia!"

Fabu akamgeukia Zanke. "Jitu zima," akasema kwa woga, "masikio kama nyungo!"

Vigelegele vikapasuka pande zote. Nyeleni hakungoja viishe. Alimpokonya mwanamke wa karibu jembe, akaliinua juu kwa furaha isiyo kifani, akalishusha kwa nguvu zote kwenye ardhi ya kwao.