Meza ya Kusomeana

Seremala alifika saa tatu asubuhi. Aliipima meza mara mbili, akaupima mlango mara tatu, kisha akasimama akitikisa kichwa kama daktari anayetafuta namna ya kuanza.

"Hii haitoki," alisema. "Iliingiaje humu?"

"Haikuingia," Nukta alimjibu. "Ilizaliwa humu humu."

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi Mkuu, aliyekianzisha kiwanda kile kidogo cha chapa na ambaye sasa alikuwa picha ukutani, aliagiza meza ile iundwe mle chumbani, ubao kwa ubao, ili asije mtu siku moja akapata wazo la kuihamisha. Ilikuwa meza ya watu wawili wanaotazamana, yenye taa katikati. Upande mmoja ubao ulikuwa umelika, umefanya kibonde chenye umbo la kiwiko. Kiwiko kilikuwa cha Nukta.

"Basi nitaipasua katikati," alisema seremala. "Dakika kumi tu."

Nukta aliitikia kwa kichwa.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msahihishaji wa kiwanda. Kila kitabu, kabla hakijapigwa chapa, kilipita kwenye meza ile. Mwenzake, ambaye wote walimwita Sauti, alishika mswada wa mwandishi na kuusoma kwa kinywa, neno kwa neno, pamoja na alama zake: herufi kubwa, mkato, fungua usemi, funga usemi, nukta. Nukta alifuatisha kwenye prufu, ile chapa ya majaribio, kwa ncha ya penseli, akiwinda herufi iliyoruka na neno lililorudiwa. Jina la Nukta lilitoka hapo. Siku zake za mwanzo, Sauti alipomeza nukta moja kwa haraka ya kwenda kula, yule binti mgeni asiyejulikana hata jina alipiga kelele: "Nukta!" Kiwanda kizima kilicheka, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita vingine.

Lakini meza ile haikusoma vitabu tu. Wafanyakazi walipogombana, Fundi Mkuu hakumuuliza mtu nani mwenye haki. Aliigonga meza mara mbili kwa kitako cha penseli na kusema, "Nendeni mkasomeane." Hapo wagomvi walikaa kitako, uso kwa uso, na kila mmoja akatakiwa kuyasema mawazo ya mwenzake badala ya yake. Mwenye mawazo alisahihisha kama anavyosahihishwa mswada: futa hili, ongeza lile, rudia. Ni mpaka aseme "safi" ndipo mwenzake aliporuhusiwa kumjibu.

Nukta aliikumbuka siku ambayo Sauti na Mama Gundi, mjalidi wa vitabu, waliburuzana hadi pale. Enzi hizo Sauti alikuwa pia mpiga chapa. Alitaka karatasi zikunjwe siku ileile zilipotoka mashineni. Mama Gundi alitaka zilale kwanza.

"Mama Gundi anasema mimi ni mvivu wa kusubiri," Sauti alianza.

"Futa! Sijasema mvivu. Nimesema una haraka kama unafukuzwa."

"Anasema nina haraka."

"Na wino?"

"Na wino unamchafua mikono."

"Futa mikono. Mikono yangu huoshwa. Unachafua ukurasa unaotazamana nao."

Kumbe ubishi wote ule Sauti alidhani mwenzake analilia mikono yake. Kufikia mchana kamba zilikuwa zimefungwa darini, na tangu siku hiyo karatasi zilining'inia juu ya vichwa vyao kama nguo za familia kubwa.

Fundi Mkuu alipofariki, kiwanda kilibaki mikononi mwa bintiye. Binti Fundi alikulia chini ya meza ile, akifanya hesabu za shule kati ya miguu ya Nukta na miguu ya Sauti, na hadi leo alimwita mmoja Shangazi na mwingine Baba Mdogo. Alikuwa mchapakazi na mwenye adabu. Ila mambo yalikuwa mengi na siku zilikuwa fupi, na mikutano ilianza kufanyika kwa kusimama. Hakuna aliyeamua kwamba watu wasisomeane tena. Desturi ile ilififia tu, kama wino uliowekwa juani.

Jumanne iliyopita aliwaita wote watatu kando ya mashine ya kukatia karatasi.

"Nimewaza jambo," alisema, akitazama daftari lake. "Siku hizi kompyuta inakagua tahajia yenyewe. Kusoma kwa sauti kunawachosha bure. Tuiondoe ile meza, tupate nafasi. Shangazi atahamia mapokezi, kuna kiti kizuri na dirisha. Mnaonaje?"

Sauti alitazama viatu vyake. "Mimi sina neno."

"Wenyewe wakikubali, mimi ni nani?" alisema Mama Gundi.

Macho yakamgeukia Nukta. Wamenichoka, alijiambia. Wamekwisha kulizungumza, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa. Mtu mzima hang'ang'anii mahali ambapo hatakiwi.

"Ni wazo zuri, mwanangu," alisema.

Mkutano haukumaliza dakika saba.

Sasa seremala alikuwa akitoa msumeno kwenye sanduku lake, na Binti Fundi aliingia na karatasi mbili. Moja ilikuwa rasimu ya mwandiko wake wa haraka. Ya pili ilikuwa muhtasari wa mkutano, uliochapwa vizuri, tayari kubandikwa ubaoni.

"Shangazi, nibandikie hii ukipita."

Nukta aliishika. Mkono ulijiendea wenyewe kwenye penseli iliyokaa nyuma ya sikio.

"Haijasomwa," alisema.

"Ni ukurasa mmoja tu, Shangazi."

"Hata tangazo la msiba lilisomwa humu. La babako mwenyewe tulilisoma, mimi na Sauti huyu, tukilia." Alimgeukia seremala. "Kaka, tupe dakika tano. Iwe ya kuagana nayo."

Seremala aliketi juu ya sanduku lake. Sauti alijikokota hadi kwenye kiti chake, akaishika karatasi ya mwandiko, akakohoa, akaanza kwa ile sauti ambayo zamani iliishinda mashine.

"Herufi kubwa, Mkutano ulifanyika siku ya Jumanne, nukta. Herufi kubwa, Wote waliohudhuria walikubali, mkato, bila pingamizi, mkato, kwamba meza ya kusomeana iondolewe, nukta."

Penseli ya Nukta ilisimama. Ilisimama chini ya neno la kwanza la sentensi ya pili na ikakataa kuendelea. Aliitazama kwa muda, kisha akachora pambizoni alama ndogo ya kuuliza, kama alivyochora mara elfu.

"Kuna kosa la tahajia?" aliuliza Binti Fundi kutoka mlangoni.

"Hapana. Ni neno 'wote'. Wote ni akina nani?"

"Si sisi, Shangazi? Wewe ulisema ni wazo zuri."

"Nilisema." Aliilaza penseli mezani. Kwa miaka yote ile alikuwa ameulizia maneno ya watu wengine. "Na nilisema uongo. Nilikubali kwa kuwa nilidhani mmenichoka."

Mashine ya kukatia ilizimwa. Mama Gundi aliiacha brashi yake ndani ya kopo, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

"Nani kakuchoka?" aliuliza. "Mtaje!"

"Shangazi, mimi nilidhani unateseka..."

"Mimi nilinyamaza kwa sababu nyinyi wenyewe..." Mama Gundi aliendelea.

"Samahani," alisema seremala, "nikate au nisikate?"

Wakasema wote kwa pamoja, na hakuna aliyesikika. Nukta aliigeuza penseli. Hakuwahi kufanya jambo lile maishani mwake, halikuwa lake. Aliigonga meza mara mbili kwa kitako.

Sauti aliinuka bila kuambiwa, akampisha Binti Fundi, na yule mwanamke wa miaka thelathini na mitatu akaketi kama mtoto aliyeitwa na babaye.

"Nisome mimi kwanza," alisema Nukta.

"Unasema tumekuchoka."

"Futa. Nilisema nilidhani."

"Ulidhani tumekuchoka. Na hutaki kwenda mapokezi."

"Ongeza."

"Na unaogopa kwamba ukitoka hapa hutakuwa mtu wa kazi. Utakuwa mtu wa kusalimiwa."

"Safi," alisema Nukta. "Sasa mimi nikusome. Unasema macho yangu yamezeeka, nawe unaona haya kuniambia."

"Futa haya. Nilikuwa nakuona unaipeleka prufu dirishani, unaisogeza, unaivuta. Nikasema, huyu ataniharibikia macho kwa ajili ya vitabu vyangu, na hatasema kamwe."

"Unasema hukutaka nipofuke kwa adabu."

Binti Fundi alicheka huku akijifuta uso. "Safi."

"Na mimi nisomwe!" Mama Gundi alikuwa amesogea na aproni yake ngumu kwa gundi. "Au acheni, nitajisoma. Mimi vitabu sivisomi, muda sina. Mimi huvisikia. Miaka ishirini na minne nimeshona vitabu nikivisikia kutoka meza hii, hata mikato yake. Jumanne nilisema mimi ni nani, kumbe mimi ndiye msikilizaji wenu."

Basi walikuwa watu wanne waliokubaliana jambo, na tayari watatu hawakulitaka. Hata Binti Fundi, ilipochimbuliwa, alikuwa amelipendekeza kwa kumhurumia mtu ambaye naye alilipokea kwa kuwahurumia wao. Binti Fundi aliuinua mkono kumwambia seremala afunge sanduku.

"Bado mmoja," alisema Nukta.

Sauti alikuwa ameegemea ukuta, chini ya picha ya Fundi Mkuu.

"Mimi sina neno, dada."

"Ulisema hivyo Jumanne, kaka. Kaa."

Alikaa. Alizungusha kofia yake mikononi, mzunguko mmoja, miwili.

"Mimi nilitaka iondoke," alisema hatimaye.

Nukta angeweza kukomea hapo. Watatu kwa mmoja. Meza ingebaki, na Sauti angesoma kwa kuwa hakuwahi kukataa lolote. Lakini kanuni haikusema watatu kwa mmoja. Ilisema mpaka aseme safi.

"Unataka kazi yetu ife," alimsoma.

"Futa."

"Umenichoka mimi."

"Futa, dada! Futa kabisa." Alikohoa, na kikohozi kiliendelea kuliko ilivyotakiwa. "Ni kifua. Kila ukurasa wa tatu pumzi inakatika, naigeuza iwe mkato. Nikifika nyumbani siwezi kumwita mke wangu aliye chumba cha pili. Binti aliposema tuache, nilifurahi. Kisha nikaona haya kwa kufurahi."

Nukta alikumbuka ile mikato. Miezi mitatu sasa alikuwa akiisikia mikato isiyokuwepo kwenye prufu, na kimoyomoyo alikuwa akimlaumu kwa uzembe. Yeye aliyejisifu kusikia kila kitu.

"Huwezi tena kusoma kwa sauti," alisema taratibu. "Lakini hutaki kuondoka mezani."

Kofia iliacha kuzunguka.

"Safi," alisema Sauti.

Hapo wakakwama. Walikuwa wameelewana kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na hawakuwa na la kufanya: msomaji asiye na pumzi, msahihishaji asiye na macho. Binti Fundi aliitazama picha ya babaye kana kwamba ingesema.

"Sasa," alisema seremala, akikuna kidevu kwa penseli yake bapa, "kwani mkibadilishana viti kuna nini?"

Walimtazama kama mtu aliyependekeza dirisha liwekwe sakafuni.

"Haiwezekani," alisema Sauti. "Mimi ni Sauti."

"Fundi Mkuu alitupanga," alieleza Nukta. "Yeye ana koo, mimi nina jicho."

"Lini?" aliuliza seremala.

Mama Gundi ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kikawashika wengine mmoja mmoja. Sauti alikuwa na macho ya kuona kunguni juu ya paa la jirani. Prufu haina budi kusomwa kwa ukubwa wake halisi, ila mswada siku hizi hufika kwa kompyuta, na Binti Fundi angeweza kuutoa kwa herufi kubwa kama za bango. Lilikuwa wazi mno. Lakini walikuwa wamekaa pale walipokalishwa, na kwa kumheshimu aliyewakalisha hawakuwahi kujiuliza kama mwenyewe angewaacha hapo.

Nukta alizunguka meza. Zilikuwa hatua nne, na hakuwahi kuzipiga. Alipoketi kwenye kiti cha Sauti, chumba kilimgeukia. Pale alipokaa siku zote palikuwa na ukuta mbele yake na benchi la Mama Gundi mgongoni. Sasa aliliona benchi lote: uzi, sindano, vitabu vilivyobanwa, na kigoda kilichosogezwa pembeni kabisa, karibu na meza kadiri ilivyowezekana. Sakafu chini ya kigoda ilikuwa imechakaa.

Miaka ishirini na minne, alijiambia. Na mimi nilikuwa nimempa mgongo.

"Muhtasari tuuandike upya," alisema Binti Fundi. Aliandika kwa herufi kubwa, akitaja kila aliyesema nini, akauweka mbele ya Nukta. Nakala ndogo alimpa Sauti, ambaye aliishika penseli kama anashika kifaranga.

Nukta alikohoa kidogo.

"Herufi kubwa," alianza. Sauti yake ilitoka nyembamba, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. "Mkutano ulifanyika kwa kukaa, nukta."

"Polepole, dada," alisema Sauti, ameinamia kibonde cha kiwiko kisichomtosha. "Mkono bado mgeni."

"Na upaze kidogo," alisema Mama Gundi, akitunga uzi kwenye sindano. "Huku hatusikii."

Seremala aliurudisha msumeno sandukuni, akakifunga kifuniko, akakaa juu yake kusikiliza.