Alama ya Nne

Kwetu kaskazini mwa Minnesota mtu hasemi hapana, wala hasifu waziwazi. Anasema "tutaona", au "si mbaya", kisha anaanza habari za hali ya hewa. Ndiyo maana mume wangu Wade alipolizunguka lile gari kubwa kwenye yadi ya kuuzia magari, akapiga teke gurudumu na kutamka "si mbaya", Curt muuzaji alijua kesi imekwisha.

Mimi nilikuwa na sababu zangu. Majira ya baridi yaliyopita tulikuwa tunakokota kibanda chetu cha uvuvi kwa pikapu yetu kuukuu, iliyoliwa na chumvi ya barabarani hadi sakafu ikatoboka. Kibanda chenyewe kina magurudumu, jiko na vitanda. Ziwa likiganda tunakivuta hadi katikati na kuvulia ndani. Basi kwenye mteremko wa kanisani, juu ya theluji iliyogeuka kioo, kibanda kikaamua kutangulia na pikapu ikafuata. Tuliishia mtaroni, watoto wanalia. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu, uzito.

"Hili lina uzito gani?" nilimuuliza Curt.

"Mama, hili halisukumwi na kitu. Likiwa tupu tu linakaribia uzito wa pikapu mbili kama yenu. Breki za trela zimo, gia nzito ya mteremko imo, viti safu tatu."

"Na lile dogo pale?" Wade akauliza.

"Lile ni la kwenda kununua maziwa."

"Na bei yake ndiyo ya maziwa," Wade akasema.

"Chukueni hili mkalijaribu hadi Jumatatu," Curt akasema. "Lisipokokota nirudishieni. Nitalia kidogo tu."

Jumamosi tukafunga kibanda nyuma yake. Baba mkwe wangu, mzee Einar, alikaa mbele na Wade. Mimi nilikaa nyuma na Britta wa miaka tisa na Nels wa minne. Tulipofika mteremko wa kanisani nililishika goti la Nels. Wade akaingiza gia nzito. Gari likateremka taratibu na kibanda kikafuata kwa adabu zake hadi chini.

"Si mbaya," mzee Einar akasema. Sifa hiyo mimi nimeipata kwake mara moja, siku ya harusi yangu. Nikajiambia basi, gari limepatikana.

Ufukweni tukafanya kama ilivyo desturi. Mikanda ikafunguliwa na madirisha yakashushwa, maana mkanda unaokuokoa barabarani ndio utakaokuzamisha ziwani. Mzee Einar akatangulia hatua kadhaa juu ya barafu, akatoboa tundu kwa keekee, akatumbukiza fimbo yake ya kupimia. Ina msumari uliopinda chini unaoshika upande wa chini wa barafu, na alama tatu alizozikata mwenyewe ujanani: ya mtu, ya pikipiki ya theluji, na ya gari. Barafu ikifika alama ya gari, gari linapita. Katika ukoo huu fimbo ile haibishaniwi.

"Imefika ya gari," akasema. "Imepita kidogo."

Wade akawasha injini. Hapo maneno ya Curt yakanirudia. Pikapu mbili. Na kibanda nyuma.

Nikatoa kichwa dirishani. "Baba, hii alama uliikata kwa gari gani?"

"Kwa gari."

"Lipi?"

Akalitazama ziwa. "Lile la kijani. Wade hajazaliwa."

Lile la kijani ninalijua kwa picha. Wanaume wanne wamelinyanyua kwa mikono kulitoa kwenye theluji, na bado wanacheka.

"Kari," Wade akasema, "baba amepima barafu maisha yake yote. Pikapu imepita hapa kila mwaka."

"Pikapu ni nusu ya hili."

"Haya, tutaona."

"Hapana," nikasema.

Hata Nels alinigeukia. Nikafungua mlango, nikawashusha watoto. Masikio ya Wade yalikuwa mekundu, na si kwa baridi.

"Sawa, tembeeni," akasema. "Mtanikuta kule na kahawa."

Tukatembea juu ya barafu hadi penye tundu, alipokuwa bado amesimama mzee Einar. Hakuniunga mkono, na garini hakupanda. Wade akasonga mbele polepole, kibanda kikashuka nyuma yake kutoka ufukweni. Barafu ikanguruma. Hilo halikunitisha, barafu ya kwetu hunguruma hata ikiwa nzima. Mimi nilikuwa natazama tundu.

Maji ya tundu hukaa chini kidogo ya ukingo. Gari lilipotukaribia yakapanda. Yakafika ukingoni, yakamwagika, yakaanza kutambaa juu ya theluji kuelekea buti zangu.

"Mama, maji yanatoka," Britta akasema.

Barafu ilikuwa inabonyea. Nikawakokota watoto hadi ufukweni, na nilipogeuka mzee Einar alikuwa mbele ya gari, ameinua fimbo kwa mikono miwili.

"Rudi, Wade. Rudi nyuma. Usisimame."

Kurudisha trela nyuma ni kazi hata kwenye lami. Likipinda tu, unasimama, na pale kusimama ndiko kuzama. Wade alitoa kichwa dirishani, mkono mmoja kwenye usukani, na baba yake akamwongoza kwa fimbo, kushoto, kulia kidogo, njoo, njoo. Mstari mweupe ukachanika kutoka gurudumu la mbele, ukapita kati ya miguu ya mzee. Hakuuangalia. Mimi niliogopa hadi sala ikanipotea. Nilimchukia Wade kwa ubishi wake, na nilimpenda hivi kwamba ningelisukuma gari lile kwa meno.

Kibanda kikapanda ufukweni. Magurudumu ya nyuma yakagusa changarawe, gia nzito ikang'ata, na gari zima likatoka. Pale magurudumu ya mbele yalipokuwa pamebaki mabeseni mawili ya maji.

Wade akashuka, akaketi kwenye theluji. Nels akamkalia mapajani.

Mzee Einar alikuja kwangu. Akatoa kisu mfukoni, akanipa mpini kwanza, na fimbo juu yake.

"Kata wewe," akasema. "Macho yangu mimi ni ya gari la kijani."

Nikaweka kidole gumba juu ya alama ya tatu, nikapandisha. Nikamtazama. Nikapandisha tena, nikapita alipokuwa akitarajia, na alipokohoa nikaongeza. Hapo ndipo nilipokata, kwa kina. Kahawa tuliinywa ufukweni.

Jumatatu tulirudi yadini.

"Enhe," Curt akauliza, "linakokotaje?"

Wade alinitazama kwanza.

"Linarudi nyuma vizuri," akasema, akaomba kalamu atie sahihi.

Curt alicheka sana. Mimi niliushika mkono wa Wade chini ya meza, na ulikuwa bado wa baridi.